Mama Arudipo Darasani



Mwaka 2021, mwezi wa Februari, alifika zahanati yetu hapa Njoro mama mmoja anayelalamika kichwa. Tulimpima presha, ilikuwa nzuri. Tulimpima malaria, hakuna. Tulipomwuliza anapata usingizi kiasi gani akacheka, kisha macho yakamjaa machozi. Ndipo tulipofunga mlango na kuweka kalamu chini, maana muuguzi yeyote aliyekaa kazini muda mrefu anajua kuna vichwa visivyotibiwa kwa panado.

Mama yule alikuwa na miaka 42 na watoto wanne. Kwa miaka 14 alikuwa mfuaji katika hoteli moja ya watalii. Ulipoingia ugonjwa wa korona mwaka 2020 wageni wa mlimani walikatika, na mwezi wa Aprili mwaka huo ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Hoteli ikawaambia wafanyakazi waende nyumbani kwanza, wataitwa. Wenzake wachache waliitwa baadaye. Yeye hakuitwa. Mumewe, dereva wa kupeleka watalii mbugani, naye alikuwa amekaa nyumbani. Walikuwa wanaishi kwa ndizi zinazoteremshwa kutoka kihamba cha ukweni, na kwa maandazi ambayo mama huyo aliamka saa kumi usiku kuyakaanga.

"Sista," akasema, "nataka nisome uuguzi. Nyie hata wakati wa korona hamkuambiwa mkae nyumbani."

Akina mama wenzetu, tunakiri kwamba jambo la kwanza tulilofanya ni kuchukua karatasi na kumpigia hesabu ya kumkatisha tamaa. Hatukukusudia ubaya. Tulidhani tunamsaidia. Na kwa kuwa barua nyingi tunazopata zinauliza swali hilo hilo la mama huyu, hebu tuirudie hesabu ile hapa.

Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka 3 kwa anayeanzia kidato cha nne. Ili upokelewe lazima uwe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Mama yetu alimaliza kidato cha nne miaka ya tisini. Biolojia alipata D. Kemia na Fizikia zote mbili alipata F. Kwa hiyo kabla ya kugusa mlango wa chuo ilimpasa kurudia masomo hayo mawili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani huwa Novemba, na matokeo hutoka mwaka unaofuata. Tukajumlisha: hata akifaulu mara moja angeanza chuo na miaka 43 na kumaliza na 46. Tukamwonyesha ya mwisho, ambayo wengi hawaijui hadi wameshalipa ada: matangazo ya ajira za kudumu serikalini humtaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa yule ambaye tayari yuko katika utumishi wa serikali. Kwa lugha nyingine, siku atakayovaa kofia ya kuhitimu, mlango ambao watu wengi huuona ndio mlango wenyewe utakuwa umeshafungwa kwake. Zingebaki hospitali za makanisa, za watu binafsi, na kazi za mkataba.

Aliiangalia karatasi ile kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sista, mimi nimefua mashuka ya watu miaka kumi na minne. Miaka mitatu ya kufua sare yangu mwenyewe haiwezi kunishinda." Akaomba ile karatasi akaondoka nayo.

Jioni ile hatukutulia. Maana sisi tunaoandika ukurasa huu tulirudi chuoni tukiwa na miaka 41, na kama mtu angetukalia hivyo na kalamu yake pengine tungebaki tulipokuwa.

Wengi mnatufahamu kama muuguzi mwenye stashahada. Si wengi wanaojua kwamba kwa miaka mingi tulikuwa na cheti tu. Tulipenda kazi, wagonjwa walitupenda, na hatukuona haja ya karatasi nyingine. Kisha akaletwa kituoni binti wa miaka 23, ametoka chuo, ana stashahada. Tulimwonyesha bandeji zinakaa wapi, tukamfundisha namna ya kumtuliza mama wa uzazi wa kwanza asipige kelele. Mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyesaini ripoti yetu. Alikuwa binti mwenye adabu na hakuwa na kosa lolote. Hata hivyo tulirudi nyumbani siku hiyo tukiwa na donge kooni, na tungependa kuwaambia kwamba tulikwenda kusoma kwa sababu ya wito. La hasha. Tulikwenda kwa sababu ya wivu, na wito ulitukuta njiani.

Baba wa nyumba yetu tulipomweleza alisema neno moja tu: "Soma." Kisha kwa miezi miwili akawa mtu wa kimya. Akina mama mnaujua ukimya huo, ule wa kula chakula bila kuuliza nani kakipika. Sisi tulijipa jibu letu wenyewe, kwamba hataki. Tulikuja kuelewa baadaye sana kwamba kilichomsumbua ni wenzake pale wanapokaa jioni, waliokuwa wanamwuliza kwa utani kama ameandaliwa kukaa jikoni, na atafanyaje mke akimzidi mshahara. Kama tungemwuliza wiki ya kwanza badala ya kukisia, tungeokoa miezi miwili ya baridi ndani ya nyumba. Mama, ukipanga kusoma usiishie kuomba ruhusa. Kaa na mwenzako mzungumze mambo yenyewe: nani atakwenda mkutano wa shule, nani atalala na mtoto akiwa na homa, fedha ya ada itatoka mfuko gani, na watu watasema nini. Hilo la watu ndilo wanaume wengi huliogopa na hawalitaji.

Tuliyemwogopa kuliko wote alikuwa mama mkwe. Yuko Kibosho, mwanamke wa maneno machache, na mtu mmoja alikuwa ameshampelekea habari. Alishuka siku ya Jumamosi na mkungu wa ndizi kichwani, akaketi, akanywa chai. Tukasubiri hukumu. Akatuambia, "Mimi nilikwenda darasani na mumeo mgongoni. Wako wana miguu. Unaogopa nini?"

Hatukuwahi kuisikia habari hiyo, na ni vizuri tuieleze, kwa kuwa mabinti zetu hawaijui. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baada ya hapo nchi nzima iliingia darasani: jioni, baada ya shamba, katika madarasa ya watoto, makanisani, chini ya miti. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza somo, wakasoma kijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kuchemsha maji. Mama mkwe alikuwa mmoja wao. Alijifunza kusoma akiwa ameshazaa watoto watatu, na choo alichochimba na wenzake baada ya vipindi vile bado anatuonyesha mahali kilipokuwa, karibu na migomba. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilihesabu watu wazima tisa kati ya kila kumi kuwa wanajua kusoma na kuandika. Leo tunaona aibu mama wa miaka 40 kubeba daftari, kana kwamba ni jambo la kizungu lililoletwa juzi, kumbe mama zetu na bibi zetu walilibeba na watoto mgongoni.

Alikaa kwetu miezi mitatu. Alimfundisha kijana wetu wa kidato cha pili kupika mtori, na kijana akalalamika kidogo, kisha akaanza kujisifu nao.

Sasa tuzungumze kiuuguzi kidogo, maana hapa ndipo akina mama wengi wanapoanguka na kudhani ni akili.

Mtihani wetu wa kwanza, wa somo la dawa, tulipata 31 kwa 100. Tuliikunja karatasi ile tukaifunga kwenye ncha ya kanga kama mtu afungavyo fedha za sadaka. Tulisoma usiku, mistari ikapigana, kichwa kikauma, tukasema basi, ubongo umezeeka. Mwalimu mmoja ndiye aliyetutazama tukisoma tumenyoosha mkono mbali akauliza, "Mama, macho umepima lini?" Tulipopima, kumbe ni macho. Kuanzia miaka 40 hivi jicho la kila mtu huanza kupoteza uwezo wa kuona vitu vya karibu, hata la yule ambaye hajawahi kuumwa macho. Si ugonjwa. Miwani ya kusomea inamaliza kazi. Tunajua ipo inayouzwa barabarani kwa bei ndogo, na hatutawagombeza mkiinunua, lakini kwanza mpimwe, kwa sababu umri huo huo ndio presha ya macho inapoweza kuanza kimyakimya, na hiyo ikila macho hairudishi. Hapa Moshi tuna bahati ya kuwa na idara ya macho ya KCMC. Akina mama wa mikoa mingine husafiri siku nzima kuifikia.

Jambo la pili ni damu. Katika miaka ya arobaini wanawake wengi hupata hedhi nzito, wakati mwingine kwa sababu ya uvimbe katika mfuko wa uzazi, na wanaizoea kama kawaida ya mwili. Damu ikipungua mtu huchoka, husahau, husinzia akiwa na kitabu mkononi. Mama wa namna hiyo hana haja ya kuambiwa ajikaze. Apimwe wingi wa damu, ajue chanzo, atibiwe. Ukiona unabadilisha kitambaa kila saa, au hedhi inapita siku saba, usisubiri likizo.

Tatu ni usingizi. Mwili unaokaribia ukomo wa hedhi huamka usiku umelowa jasho, na usiku uliokatika hauhifadhi kilichosomwa mchana. Tulijifunza kutosoma mpaka saa sita za usiku kama wasichana wa bweni. Tulilala saa tatu na watoto, tukaamka saa kumi, tukasoma saa moja na nusu kabla ya jogoo na kabla ya mtu kuita "mama". Na hatukukariri. Vijana walikariri orodha ya dalili za kifafa cha mimba kama wimbo. Sisi tuliikumbuka kwa sura za akina mama tuliowaona, yule aliyevimba uso, yule aliyesema haoni vizuri. Mtihani wa mwisho wa somo la dawa tulipata 68. Binti wa pembeni yetu alipata 81, tusijidanganye, lakini alikuwa anatufuata wodini kutuuliza.

Tuje kwenye fedha, na hapa tutasema habari isiyofurahisha.

Mama mwingine wa usharika wetu, mwenye miaka 39, alikuwa na biashara ya mitumba Kiboriloni. Alishawishika na tangazo lililobandikwa kwenye nguzo: kozi ya miezi 6, unakuwa muuguzi msaidizi, kazi ipo. Akakopa shilingi laki 9 kwenye kikoba, akauza marobota yake mawili, akaanza. Darasa lilikuwa vyumba viwili vya kupanga na mwalimu aliyekuja akitaka. Mwishoni akapewa cheti kizuri chenye mhuri mwekundu. Alikipeleka hospitali ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulikwenda naye hiyo ya tatu. Mkuu wa wauguzi alikitazama, akatutazama sisi, akakirudisha polepole bila neno. Chuo hakikuwa kimesajiliwa na cheti hakitambuliwi na mtu. Wenzake wa kikoba, ambao nao walikuwa na watoto wa kulipia ada, walichukua friji. Hadi leo akipita mbele ya baadhi yao hasalimiani nao.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza namba ya usajili ya chuo, kisha ihakikishe katika orodha ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, wanaloliita NACTVET. Orodha hiyo iko wazi mtandaoni. Kama simu yako ni ya kitochi, kijana wako atakutazamia. Kwa upande wa uuguzi hakuna njia ya miezi sita ya kuwa muuguzi. Lazima usajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupewa leseni, na Baraza halisajili cheti cha kwenye nguzo. Hapa mkoani vipo vyuo vinavyojulikana tangu zamani: KCMC, Machame, Kibosho, Huruma kule Rombo. Ada katika vyuo visivyo vya serikali hupita shilingi milioni 1 kwa mwaka, bado sare, chumba na chakula. Mikopo ya serikali kwa wanafunzi ipo, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imeanza kutolewa hata kwa stashahada za baadhi ya fani zikiwemo za afya, lakini masharti yake yamewalenga vijana waliomaliza shule karibuni. Usijenge nyumba yako juu ya mkopo huo.

Lakini kwa nini kila mama akipoteza kazi afikirie uuguzi au ualimu tu? Swali hilo tunajiuliza mara nyingi. Labda ni kwa sababu tulipokuwa wadogo ndio wanawake wenye mshahara tuliowaona. Njia nyingine ziko nyingi na baadhi ni fupi kuliko tunavyodhani. Chuo cha VETA hapa Moshi kinatoa kozi ndefu na fupi, na zile fupi ni za miezi michache tu. Tena VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, yaani mtu aliyejifunzia kazini bila kupita chuoni, kama mpishi, fundi mwashi au seremala, anapimwa anachokijua, anafundishwa kilichopungua, na anapewa cheti. Fikirieni akina mama waliopika hotelini miaka 10, wapishi hodari, lakini wakiulizwa karatasi wanainamisha kichwa. Hao hawahitaji kuanza upya.

Kwa walio vijijini kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano ulioletwa kutoka Sweden. Kimoja kipo Msinga, Moshi Vijijini, kingine Mamtukuna, Rombo. Huko hufundishwa ushonaji, kilimo, upishi, useremala na mengine, na baadhi ya vyuo hivyo vina chekechea, mama anasoma na mtoto yuko ukuta wa pili. Kwa anayetaka shahada bila kuacha nyumba kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye kituo mkoani kwetu. Na kwa aliyekatizwa shule kabisa, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina masomo ya sekondari nje ya mfumo wa kawaida. Tunalisema hili tukiwafikiria pia mabinti zetu waliopata mimba shuleni. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi hata katika shule za kawaida, na bado kuna wazazi wanaowaficha jikoni.

Wenzetu wa Kenya walikuwa na tatizo kubwa kama letu: wauguzi wengi wenye cheti, wenye familia, wasioweza kuacha kituo kwenda chuoni miaka miwili. Mwaka 2005 shirika la AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianza kuwafundisha kwa kompyuta wakiwa kwenye vituo vyao vya kazi, wengine vijijini ambako kompyuta yenyewe ilikuwa kitu cha kutazamwa. Tungekuwa na mpango kama huo wakati wetu, tusingemkosa mtoto wetu wa mwisho siku alipougua tetekuwanga, tukapata habari kwa simu ya jirani. Hilo bado linatuuma.

Na Kenya hiyo hiyo, huko Ndalat, kulikuwa na mkunga wa jadi, Bi. Priscilla Sitienei, waliyemwita Gogo, yaani bibi. Alizalisha wanawake kwa miaka zaidi ya 60. Akiwa karibu na miaka 90 aliingia shule ya msingi pamoja na vitukuu vyake, akavaa sare, akakaa darasani na watoto ambao baadhi yao alikuwa amewapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake na kuandika alichokijua kuhusu uzazi na dawa za miti ili kisimfuate kaburini. Alifariki Novemba 2022, akiwa na miaka 99. Tunamtaja kwa sababu ya hiyo hoja yake ya pili. Kwa mkunga, kuandika ni kazi.

Tumalizie na mama wa mashuka.

Alirudia Kemia na Fizikia Novemba 2021. Mwalimu mstaafu wa jirani alimfundisha Kemia kwa malipo ya maandazi, na hatutanii. Kemia akafaulu, Fizikia akafeli. Alikuja kutuambia matokeo akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kuketi. Tulitaka kusema, "Si tulikuambia?" Tunamshukuru Mungu kwamba mgonjwa aliyekuwa kwenye foleni aliingia wakati ule. Novemba 2022 akarudia tena Fizikia, akapata D. Wageni wa mlimani walikuwa wamerudi, mumewe naye akarudi barabarani, na kwa fedha yake ya safari mbili na ng'ombe mmoja aliyeuzwa na shemeji, aliingia chuoni Oktoba 2023 akiwa na miaka 44. Wanafunzi wenzake wanamwita Bibi. Mwanzo alikasirika, sasa anaitika.

Tunapoandika haya yuko mwaka wa tatu. Hatujui ataajiriwa wapi. Hesabu yetu ya kwanza haikuwa ya uongo, na akihitimu itazidi hata ile tuliyomwandikia. Yeye anasema hospitali moja ya kanisa alikofanya mazoezi wamemwambia alete maombi, na "alete maombi" si ajira, tumemwambia hivyo na anajua. Wiki iliyopita alipita zahanati kutuomba kitabu chetu cha ukunga. Tulimpa. Kimechakaa, kina alama za chai, na pembeni kwa kalamu ya risasi tulikuwa tumeandika maswali tuliyokosa mwaka ule. Alifungua hapo hapo mezani, akatoa miwani ya kusomea kwenye pochi, akauliza, "Sista, hili la tatu ulikuja kulijua jibu lake?"

Tulilijua. Tukamweleza, huku foleni ikisubiri.